Ufunguo Unaopatikana kwa Kutupa

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kisichoonekana kwa macho lakini kinachotegemewa na kila mtu anayetuma fedha kwa simu, anayeingia katika akaunti yake ya benki au anayemwandikia daktari kuhusu maradhi yake, nacho ni ufunguo wa siri. Swali linaloyaongoza mazungumzo haya ni rahisi kulitamka: watu wawili walio mbali, wasioweza kukutana, wanawezaje kupata namba moja ya siri inayojulikana nao tu, ilhali njia yote iliyo kati yao huenda imetegwa masikio? Fizikia ya kwanta, yaani elimu ya tabia za chembe ndogo kabisa za mwanga na maada, imetoa jibu ambalo limekuwa likikomaa kwa zaidi ya miaka 40 sasa. Kwa kawaida husimuliwa kwamba mwanga wa kwanta humfichua mtu anayesikiliza kwa siri, na hilo ni kweli, lakini ni mwanzo tu wa habari. Ufunguo wenyewe hupatikana baadaye, kwa kazi ndefu ya kuhesabu kilichovuja na kukitupa. Kazi hiyo ya kutupa ndiyo itakayopewa nafasi kubwa leo, kwa sababu ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kwanza, ufunguo ni nini? Katika elimu ya usimbaji fiche, ambayo ni elimu ya kuugeuza ujumbe ili usomwe na anayestahili pekee, ufunguo ni mfuatano wa tarakimu 0 na 1, na kila tarakimu moja huitwa biti. Ujumbe nao huandikwa kwa biti, kisha kila biti ya ujumbe huunganishwa na biti moja ya ufunguo kwa kanuni fupi, kwamba biti mbili zikifanana jibu ni 0 na zikitofautiana jibu ni 1. Mpokeaji mwenye ufunguo uleule huirudia kanuni hiyo, na ujumbe hurudi kama ulivyokuwa. Mmarekani Claude Shannon alithibitisha, katika makala iliyochapishwa mwaka 1949, kwamba njia hii haiwezi kuvunjwa na yeyote, hata awe na kompyuta yenye nguvu kiasi gani, iwapo masharti matatu yatatimizwa: ufunguo uwe umepatikana kwa bahati nasibu tupu, uwe mrefu angalau kama ujumbe wenyewe, na utumike mara moja tu.

Je, sharti moja likivunjwa hutokea nini? Historia ina mfano mzito. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Umoja wa Kisovieti ulizitumia funguo za aina hii kwa barua za siri za wanadiplomasia na wapelelezi wake, lakini waliozichapa kurasa za funguo walizirudia baadhi yake, na kurasa hizo zikatumika zaidi ya mara moja. Mwanya huo uliwatosha Wamarekani, katika mradi ulioanza mwaka 1943 na kujulikana baadaye kwa jina la Venona, kuzisoma sehemu za barua ambazo kihesabu zilipaswa kutosomeka milele. Uthibitisho wa Shannon haukuwa na dosari; dosari ilikuwa katika upatikanaji wa ufunguo. Kwa hiyo tatizo lote huhamia hapo: anayetaka siri kamili anahitaji funguo mpya, nyingi, za bahati nasibu, tena zilizofika pande zote mbili bila kuguswa.

Leo hii, simu na kompyuta hazitumi mjumbe mwenye mkoba kupeleka funguo. Zinatumia hesabu zilizobuniwa miaka ya 1970, ambapo Whitfield Diffie na Martin Hellman walieleza mwaka 1976 jinsi watu wawili wanavyoweza kukubaliana ufunguo mbele ya kadamnasi, na mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni mfumo unaojulikana kwa herufi za majina yao, RSA. Usalama wa mifumo hiyo unategemea ugumu: katika RSA, kwa mfano, kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi ya nukta chache, lakini kulirudisha zao hilo katika namba zilizolizaa ni kazi inayozishinda kompyuta za kawaida. Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba kompyuta inayofuata kanuni za kwanta, iwapo itajengwa kwa ukubwa wa kutosha, itaifanya kazi hiyo kwa urahisi. Kompyuta ya ukubwa huo haijajengwa, lakini msikilizaji azingatie jambo moja: ujumbe unaopita leo unaweza kurekodiwa leo na kuhifadhiwa hadi siku itakapopatikana mashine ya kuufungua, na kwa hiyo siri inayopaswa kudumu kwa miaka 30 iko hatarini tangu sasa.

Sasa mazungumzo yanaingia katika kwanta. Mwanga huja kwa chembe zinazoitwa fotoni, na kila fotoni hutetemeka ikielekea upande fulani, kwa mfano wima, mlalo, au hanamu, yaani mshazari wa kushoto au wa kulia. Ipo sheria ya maumbile isemayo kwamba fotoni iliyotetemeshwa wima au mlalo ikipimwa kwa kifaa kilichopangwa kwa hanamu, jibu linalotoka ni la bahati nasibu, na mwelekeo wa awali unapotea kabisa bila njia ya kuurudisha. Ipo na sheria ya pili, iliyothibitishwa mwaka 1982 na William Wootters pamoja na Wojciech Zurek, na kwa upande mwingine Dennis Dieks, kwamba hakuna mashine inayoweza kuinakili fotoni moja isiyojulikana hali yake. Karatasi hunakiliwa, sauti hurekodiwa, faili la kompyuta hurudufiwa mara elfu bila lile la asili kubadilika. Fotoni moja haikubali. Uzito wa habari hiyo kwa mtu anayetafuta siri ni mkubwa mno, maana udukizi wote uliowahi kufanyika duniani ulitegemea kuwepo kwa nakala.

Aliyeliona hilo kwanza alikuwa Stephen Wiesner, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyependekeza mnamo mwaka 1970 noti za fedha zisizoweza kughushiwa kwa sababu zingebeba chembe za kwanta. Andiko lake lilikataliwa, likakaa zaidi ya miaka 10 hadi lilipochapishwa mwaka 1983. Hata hivyo wazo lilikuwa limemfikia Charles Bennett wa kampuni ya IBM, na mwaka 1979, katika mkutano wa kitaaluma huko San Juan, Puerto Rico, Bennett alimwendea Gilles Brassard wa Chuo Kikuu cha Montréal wakiwa wanaogelea baharini na kuanza kumweleza. Kutokana na urafiki huo wa kikazi ulizaliwa utaratibu waliouwasilisha Bangalore, India, mwaka 1984, ambao wataalamu huuita BB84 kwa herufi za majina yao na mwaka wake. Inastahili kusemwa wazi kwamba andiko la kijana lililokataliwa ndilo lililoizaa fani nzima.

Utaratibu wenyewe unaendaje? Wawasilianaji wawili waitwe hapa Asha na Bakari, na anayewategea sikio aitwe mdukizi. Asha huchagua biti kwa bahati nasibu, 0 au 1, kisha huchagua, pia kwa bahati nasibu, ataiandika biti hiyo kwa jozi gani ya mielekeo: jozi iliyonyooka, ambapo mlalo ni 0 na wima ni 1, au jozi ya hanamu, ambapo mshazari mmoja ni 0 na wa pili ni 1. Hutuma fotoni moja yenye mwelekeo huo, halafu nyingine, halafu nyingine, kwa mamilioni. Bakari hajui jozi zilizotumika, kwa hiyo kwa kila fotoni naye huchagua kwa bahati nasibu jozi ya kupimia. Akiangukia jozi ya Asha, anapata biti ya Asha. Akiangukia jozi nyingine, anapata jibu lisilo na maana.

Hapo ndipo kutupa kunapoanza, na msikilizaji anaombwa afuate hatua hizi moja baada ya nyingine, kwa kuwa kila hatua ina sababu yake. Fotoni zikishapokelewa, Asha na Bakari huzungumza kwa simu ya kawaida ambayo kila mtu anaweza kuisikiliza, na kila mmoja hutaja jozi alizotumia bila kutaja biti. Pale jozi zao zilipotofautiana, biti hutupwa. Karibu nusu ya yote huondoka hivyo, na zaidi ya hiyo imekwisha kupotea njiani, kwa sababu fotoni nyingi humezwa kabla ya kufika. Zilizobaki zinapaswa kufanana pande zote mbili, na mdukizi aliyekuwa akiisikiliza simu hakupata chochote, maana jozi zilitajwa baada ya fotoni kupita na kupimwa.

Je, kama mdukizi alizipima fotoni njiani? Hakujua jozi za Asha, kwa hiyo alikisia, na nusu ya makisio yake yalikuwa mabaya. Kila alipokisia vibaya aliuharibu mwelekeo wa fotoni, na fotoni aliyoituma mbele kwa Bakari ilibeba nusu ya uwezekano wa kutoa jibu lisilo sahihi. Nusu ya nusu ni robo. Kwa hiyo mdukizi anayepima kila fotoni na kuituma upya husababisha makosa katika asilimia 25 ya biti ambazo zingepaswa kufanana, na hana namna ya kuyazuia, kwa kuwa chanzo cha makosa hayo ni maumbile yenyewe. Asha na Bakari huchagua sehemu ya biti zao, huzitaja hadharani, hulinganisha na kuhesabu makosa. Biti zilizotajwa hazina siri tena, nazo hutupwa pia.

Wasimulizi wengi huishia hapo: makosa yakionekana, mdukizi amenaswa, kazi imeachwa; makosa yasipoonekana, ufunguo uko salama. Uhalisi hauko hivyo. Makosa huonekana kila siku, hata pasipokuwa na mdukizi, kwa sababu nyuzi za kioo zinazopitisha fotoni hupindapinda na kupata joto, na vipokezi, yaani vifaa vinavyolia fotoni inapofika, hulia vyenyewe bila fotoni kufika. Nani awezaye kuyatofautisha makosa ya joto na makosa ya mwizi? Hakuna awezaye, na elimu hii ilikomaa pale ilipokubali hivyo na kuchagua njia kali zaidi, nayo ni kuhesabu kila kosa kana kwamba limesababishwa na mdukizi, kisha kukokotoa ni kiasi gani cha ujuzi angeweza kuwa amekipata kwa kusababisha makosa ya kiwango hicho. Mnamo mwaka 2000 Peter Shor, yuleyule wa kompyuta ya kwanta, pamoja na John Preskill, walitoa uthibitisho mfupi unaoonyesha kwamba utaratibu wa BB84 unaweza kutoa ufunguo salama mradi makosa yasizidi takriban asilimia 11. Yakizidi hapo, kwa hesabu hiyo, kila kitu hutupwa na kazi huanza upya. Yakiwa chini ya hapo, kazi huendelea, na deni la kilichovuja huandikwa.

Hatua inayofuata ni kusahihisha, maana ufunguo unaotofautiana hata kwa biti moja hauwezi kuufungua ujumbe wote. Asha na Bakari hugawa biti zao katika mafungu, na kwa kila fungu hutangaza kama idadi ya tarakimu 1 zilizomo ni shufwa au witiri. Majibu yakitofautiana, fungu lina kosa, nalo hukatwa katikati, kila nusu ikaulizwa swali lilelile, hadi biti yenye kosa ipatikane na kugeuzwa. Lakini kila jibu la shufwa au witiri lililotajwa hadharani limempa mdukizi biti moja ya ujuzi, na biti hiyo nayo huongezwa katika deni. Kwa mara nyingine, hakuna kinachotamkwa hadharani ambacho hakihesabiwi.

Sasa Asha na Bakari wana mfuatano mmoja unaofanana kabisa, na wanajua kwa makadirio ya juu kabisa mdukizi anajua kiasi gani, ingawa hawajui ni biti zipi. Wafanye nini? Jibu lilitolewa na Bennett, Brassard na Jean-Marc Robert mwaka 1988, na linaweza kuitwa kukoleza siri. Zichukuliwe biti mbili, ambazo mdukizi anaijua moja na haijui nyingine. Asha na Bakari wakizigeuza biti hizo mbili kuwa moja kwa ile kanuni ya kufanana na kutofautiana, yaani zikifanana waandike 0 na zikitofautiana waandike 1, mdukizi anabaki na nini? Anabaki bila kitu, kwa sababu ile asiyoijua inaweza kuwa 0 au 1 kwa uzito uleule, na jibu nalo linakuwa 0 au 1 kwa uzito uleule. Nusu ya ujuzi imegeuka kuwa kutojua kabisa. Katika mitambo halisi hazichanganywi biti mbilimbili bali maelfu au mamilioni kwa pamoja, na mfuatano mrefu hufupishwa kwa urefu wa deni lote pamoja na ziada ya tahadhari, hata kinachobaki kiwe kifupi lakini kiwe kitu ambacho mdukizi karibu hakijui kabisa. Kama mpepetaji wa mchele anavyouhukumu ungo kwa kilichobaki ndani yake, ndivyo ufunguo huu unavyopaswa kuhukumiwa.

Swali moja kubwa bado halijajibiwa. Ile simu ya kawaida wanayozungumzia Asha na Bakari inaweza kusikilizwa na yeyote, lakini je, ikiwa mdukizi ataikata katikati, ajifanye Bakari mbele ya Asha na ajifanye Asha mbele ya Bakari? Atapata ufunguo mmoja na kila upande, na hakuna sheria ya kwanta itakayomzuia. Kinga ni kuutia kila ujumbe wa simu hiyo muhuri wa kihesabu, kwa njia iliyoelezwa na Mark Wegman na Larry Carter mwaka 1981, na muhuri huo unahitaji Asha na Bakari wawe tayari na ufunguo mfupi wa siri tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo wataalamu makini husema kwamba kwanta hukuza ufunguo: wenye siri ndogo wanaondoka na siri kubwa, kisha sehemu yake huwekwa akiba kwa muhuri wa kesho. Asiyekuwa na siri yoyote ya kuanzia hana msaada hapa, na ni haki ya umma kuambiwa hivyo bila kufichwa.

Kuhusu bahati nasibu, neno fupi litatosha. Machaguo yote ya Asha na Bakari yanapaswa kuwa yasiyotabirika, na kompyuta ya kawaida haitoi bahati nasibu ya kweli, kwa sababu hutoa namba kwa kufuata kanuni, na anayeijua kanuni na mwanzo wake anazijua namba zote. Mitambo mingi ya sasa hutumia kwanta hapa pia, kwa mfano kwa kuielekeza fotoni kwenye kioo kinachopitisha nusu na kurudisha nusu ya mwanga, kisha kusoma imetokea upande gani.

Penye utajiri wa mafunzo zaidi ni kwenye vifaa. Jaribio la kwanza kabisa lilifanywa mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha IBM huko Yorktown Heights, jimbo la New York, ambapo fotoni zilisafiri hewani umbali wa sentimita 32 tu. Brassard mwenyewe ameeleza kwamba mitambo ya umeme iliyogeuza mwelekeo wa mwanga ilitoa sauti zilizotofautiana kulingana na mwelekeo uliochaguliwa, hata mtu aliyesimama chumbani angeweza kuzisikia biti kwa masikio bila kuigusa fotoni hata moja. Uthibitisho wa kihesabu ulizungumzia mwanga. Sauti haikuwamo katika hesabu. Hilo ndilo jambo ambalo limejirudia katika historia yote ya fani hii: sheria ya maumbile haikuvunjwa, lakini siri ilitoka kwa mlango ambao hesabu haikuuhesabu.

Mifano miwili itatosha kulionyesha hilo. Wa kwanza ni kwamba leza za kawaida hazitoi fotoni mojamoja. Hutoa mapigo hafifu ya mwanga ambayo mara nyingine hubeba fotoni mbili au zaidi zenye mwelekeo mmoja, na mdukizi anaweza kuichepua moja, akaitunza, akasubiri jozi zitajwe, akaipima bila kuacha alama. Dawa yake ilipendekezwa mwaka 2003 na Won-Young Hwang na kukamilishwa mwaka 2005 na watafiti wengine, nayo ni kuchanganya mapigo ya chambo yenye nguvu tofauti. Kwa kuwa mdukizi hawezi kulitofautisha pigo la chambo na pigo la kweli, anayechepua huvuruga uwiano wa mapigo yanayofika, na uvurugaji huo unaonekana. Mfano wa pili ni wa mwaka 2010, ambapo kundi la watafiti akiwemo Vadim Makarov, huko Trondheim nchini Norway, lilionyesha kwamba mitambo iliyokuwa ikiuzwa sokoni ingeweza kudhibitiwa kwa kuvimulika vipokezi vyake kwa mwanga mkali, vikapofuka na kuanza kulia pale tu mdukizi anapotaka, bila makosa kuonekana. Watafiti hao waliwaarifu watengenezaji, na kazi ya namna hiyo inapaswa kuheshimiwa, kwa sababu mtu anayeuvunja mtambo hadharani kwa nia njema huwakinga maelfu ambao hawangejua kama umevunjwa.

Je, inawezekana kupata ufunguo salama bila kuviamini vifaa? Mwaka 1991 Artur Ekert, akiwa Chuo Kikuu cha Oxford, alipendekeza njia nyingine inayotumia fotoni pacha, yaani jozi za chembe zilizounganishwa kwa namna ambayo majibu ya vipimo vyake hulingana kuliko inavyoweza kuelezwa kwa makubaliano yoyote yaliyofanywa kabla. Ulinganifu huo hupimwa kwa kanuni ya mwanafizikia John Bell wa Ireland ya Kaskazini, aliyeitoa mwaka 1964, na majaribio juu yake ndiyo yaliyowapatia Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2022. Ulinganifu ukionekana kuwa na nguvu ya kutosha, hakuna mtu wa tatu anayeweza kuyajua majibu, hata kama vifaa vimetengenezwa na mdukizi mwenyewe, mradi tu vifaa hivyo visiwe na njia ya kumpelekea habari kwa siri. Mwaka huohuo wa 2022 makundi ya watafiti Uingereza, Ujerumani na China yalitangaza majaribio ya kwanza ya aina hiyo, na lile la Oxford lilitoa ufunguo wa biti zipatazo 95,000 kwa kazi ya takriban saa nane, kati ya vifaa vilivyotenganishwa kwa mita mbili. Ni kiasi kidogo sana, lakini ni ufunguo ambao haumwombi mtumiaji amwamini mtengenezaji.

Linabaki suala la umbali, na hapa msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kutega sikio. Mawasiliano ya ukanda huu hutegemea mikongo ya chini ya bahari ambayo ilianza kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na ndani ya mikongo hiyo mwanga huchoka, kwa hiyo kila baada ya masafa fulani kuna kifaa cha kuukuza. Kukuza ni kunakili, na fotoni ya ufunguo hainakiliki. Ikipita katika kifaa hicho hali yake huharibika. Bila kukuzwa nako, upotevu ni mkubwa. Katika uzi bora wa kioo, kwa kila kilomita 50 fotoni moja kati ya 10 ndiyo inayosalia. Uzi ungenyooshwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, umbali unaokaribia kilomita 500, ingefika fotoni moja kati ya bilioni 10, na mtambo unaotuma fotoni bilioni moja kwa sekunde ungempatia Bakari fotoni moja kila sekunde 10, ikiwa imezama katika makelele ya vipokezi vyenyewe.

China imelikabili tatizo hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni njia ya nchi kavu kati ya Beijing na Shanghai, yenye urefu wa takriban kilomita 2,000, iliyozinduliwa mwaka 2017 ikiwa na vituo vya kati ambamo ufunguo hufunguliwa na kufungwa upya, jambo ambalo lina maana kwamba usalama wake unawategemea pia walinzi wa vituo hivyo. Ya pili ni setelaiti ya Micius, iliyorushwa Agosti 2016 chini ya uongozi wa kisayansi wa Jian-Wei Pan na kupewa jina la Mozi, mwanafalsafa wa kale wa China, ambayo ilituma fotoni za ufunguo hadi kilomita 1,200, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia hiyo ni anga tupu lisilo na hewa ya kuumeza mwanga. Mwezi Septemba 2017 ilisaidia kuyalinda mazungumzo ya video kati ya Beijing na Vienna. Hapa pia kuna sharti: setelaiti hiyo, katika kazi hiyo, iliujua ufunguo wa kila upande, kwa hiyo aliyeimiliki alipaswa kuaminiwa.

Bara la Afrika halikubaki nje ya habari hii. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, kundi la Francesco Petruccione wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal lilishiriki kuuunganisha uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban na kituo cha operesheni za usalama kwa kiungo kilicholindwa na funguo za kwanta, wakati ambapo miji michache sana duniani ilikuwa imejaribu kitu cha namna hiyo nje ya maabara. Mwaka 2024 kituo cha ardhini huko Stellenbosch, Afrika Kusini, kilipokea funguo kutoka setelaiti ndogo ya China iitwayo Jinan-1, na picha zilizosimbwa kwa funguo hizo zikasafirishwa kati ya nchi hizo mbili, umbali wa kilomita 12,900.

Je, ina maana kwamba kila simu itahitaji kipokezi cha fotoni? Hapana. Marekani ilitangaza Agosti 2024 viwango vya kwanza vya hesabu mpya za usimbaji zilizoundwa kustahimili kompyuta ya kwanta, ambazo huwekwa kwa kubadilisha programu tu, na mashirika ya usalama wa mawasiliano ya Marekani na Uingereza yameshauri hesabu hizo zitangulizwe kuliko mitambo ya fotoni, yakitaja gharama, vifaa maalumu na lile hitaji la muhuri. Kwa mteja wa kutuma fedha kwa simu, ushauri huo ni wa busara. Lakini hesabu hizo mpya, kama zile za miaka ya 1970, zimesimama juu ya imani kwamba fumbo fulani ni gumu, na imani hiyo inaweza kukanushwa na mtu mmoja mwenye wazo jipya, kama Shor alivyofanya mwaka 1994. Ufunguo wa kwanta uliotengenezwa sawasawa haukanushwi kwa namna hiyo: kilichotupwa siku ile hakirudi, na mdukizi wa baadaye, hata awe na mashine gani, hatakuta nakala ya fotoni mahali popote. Kwa kumbukumbu za wagonjwa, kwa nyaraka za benki kuu, kwa majina ya mashahidi wanaolindwa, tofauti hiyo inastahili kulipiwa, na inafaa vyuo vikuu vya ukanda huu viwe na wanafunzi wanaoweza kukaa mbele ya mtambo wa namna hiyo, kulisoma deni lake la biti zilizovuja, na kumwambia muuzaji bila woga ni kipi ambacho hakikuhesabiwa.